Kwa nini supamaketi huuza kwa bei ambayo mwenye duka dogo hununulia?

Katika nchi nyingi utamkuta mwenye duka dogo akisukuma toroli ndani ya supamaketi. Hanunui mahitaji ya nyumbani. Anachukua mzigo wa kwenda kuuza, kwa sababu siku hiyo bei ya kwenye rafu iko chini ya bei anayopewa na muuzaji wa jumla. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu, linashangaza. Jengo lenye majokofu, walinzi, maegesho ya magari na wafanyakazi tele linawezaje kuuza chini kuliko chumba kimoja chenye mtu mmoja?

Jibu ambalo karibu kila mtu analo ni kwamba supamaketi hununua kwa wingi. Si uongo, ila jibu hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Punguzo la mzigo mkubwa lipo kweli: kiwanda kinachopeleka lori zima kwenye ghala moja hutumia mafuta, makaratasi na muda mchache kuliko kinachogawa katoni mbilimbili kwa maduka mia mbili. Lakini kama siri ingekuwa hiyo tu, dawa ingekuwa nyepesi. Wenye maduka madogo wangeungana na kununua pamoja.

Na waliungana, zamani sana. Mwaka 1898 wauza rejareja wa Berlin walianzisha ushirika wa ununuzi, ambao ndio chimbuko la Edeka. Marekani ikaja IGA mwaka 1926, Uholanzi SPAR mwaka 1932. Vyama hivi vilipata bei nzuri viwandani, na majina yake yapo hadi leo. Kilichofuata kinachekesha kidogo: waliofanikiwa zaidi wakageuka kuwa supamaketi wenyewe. Edeka sasa ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa vyakula nchini Ujerumani. Kununua kwa wingi kuliwafikisha mlangoni tu. Kilichowaingiza ndani ni namna nyingine kabisa ya kuendesha duka.

Dhana hiyo ina pacha wake: kwamba supamaketi hujipatia faida nono kwa kila kitu inachouza, na mwenye duka dogo anayeuza ghali ni mroho. Hesabu zinakataa. Baada ya mishahara, umeme, kodi na hasara za mali iliyoharibika, supamaketi kwa kawaida hubakiwa na kama asilimia 1 hadi 3 ya mauzo yake. Mwenye duka dogo huongeza zaidi ya hapo kwenye kila bidhaa, na mwisho wa mwezi huenda asione kitu. Kwa hiyo swali lenyewe linapaswa kugeuzwa. Tusiulize nani ana faida kubwa, tuulize nani anaweza kuishi kwa asilimia 2, na anaishije.

Sehemu ya jibu ilianzia Memphis, Marekani, Septemba 1916, Clarence Saunders alipofungua duka lake la kwanza la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta na kutaja anachotaka. Karani akakifuata, akakipima, akakifunga. Saunders alimpa mteja kikapu na kumpitisha kwenye njia moja inayozunguka rafu zote hadi kwa mpokea fedha. Mwaka 1917 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio huo. Kazi ya karani haikufutwa, ilihamishiwa kwa mteja, naye mteja akaifurahia. (Saunders aliipoteza kampuni yake mwaka 1923 baada ya vita vya soko la hisa, kisha akafungua maduka mengine yaliyobeba jina lenye maana ya "Clarence Saunders, mmiliki pekee wa jina langu". Alikuwa mtu wa kinyongo.)

Mwaka 1930 akaja Michael Cullen, aliyefungua supamaketi ya King Kullen huko Queens, New York. Kabla ya hapo alikuwa mwajiriwa wa Kroger, kampuni ya maduka ya vyakula, na aliwaandikia wakubwa wake akipendekeza duka ambalo bidhaa 300 zingeuzwa kwa bei ileile ya kununulia, 200 kwa nyongeza ya asilimia 5, na nyingine kwa 15 na 20. Barua haikuzaa kitu, akaacha kazi. Bidhaa zile 300 ndizo zinazomvuta mwenye duka dogo na toroli lake. Ni chambo. Anayezifuata hujaza pia vile vyenye nyongeza, isipokuwa huyo mwenzetu aliyekuja kuchukua chambo peke yake na kuondoka. Ufaransa ilipiga marufuku tangu 1963 kuuza bidhaa chini ya bei iliyonunuliwa, ishara kwamba mchezo huu haukuwa siri hata wakati huo.

Bado, chambo na kikapu havitoshi kueleza. Kiini, kwa maoni yangu, ni muda, na ndiyo sehemu inayosahaulika.

Supamaketi haimlipi msambazaji siku mali inaposhushwa. Huchukua mali kauli, kwa mkataba wa kulipa baada ya siku kadhaa. Tuseme ni siku 45. Tuseme pia bidhaa hiyo hukaa kwenye rafu siku 15, kisha mteja anailipia taslimu. Kati ya fedha kuingia na fedha kutoka kuna siku 30.

Chukulia sasa fedha hizo kama maji ya tangi lenye bomba la kuingizia juu na bomba la kutolea chini, na la chini limefungwa kwa siku 30 za mwanzo. Kila siku zinaingia lita 100. Siku ya 31 bomba la chini linafunguliwa, na tangu hapo kila siku zinaingia lita 100 na kutoka lita 100. Anayetazama mabomba atasema hakuna kinachobaki, na atakuwa sahihi kuhusu mabomba. Ila tangini zimetulia lita 3,000. Si mali ya mwenye tangi, maana kila tone lina mtu anayelidai, lakini hazipungui. Anaweza kuziweka benki zikazaa riba, anaweza kujengea tawi jipya. Na tawi jipya likifunguliwa, mkondo unakuwa lita 200 kwa siku na kina kinapanda hadi lita 6,000, bila kuomba mkopo popote.

Duka la namna hii linaweza kuridhika na asilimia 2 kwa sababu halijaweka mtaji wake ndani ya mali iliyo kwenye rafu. Mtaji umewekwa na wasambazaji. Faida ndogo inayorudi mara nyingi kwa mwaka, juu ya fedha za watu wengine, si ndogo tena.

Udhaifu wake pia uko humohumo. Bomba la chini hutoa maji ya mauzo ya mwezi uliopita, la juu huingiza ya leo. Mauzo yakishuka, kila siku hutoka maji mengi kuliko yanayoingia, na kina hushuka. Wasambazaji wakianza kunong'ona na kudai taslimu mlangoni, kile kipindi cha siku 30 kinafutika, na duka lililoonekana tajiri linaachwa na rafu tupu ndani ya wiki chache.

Mwenye duka dogo mabomba yake yamepinduliwa. Hutoa fedha kwanza, anapochukua mzigo kwa muuzaji wa jumla, kisha husubiri. Wateja wake wa karibu, wale anaowategemea, huchukua kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Anakopesha huku mshindani wake anakopeshwa. Nyongeza yake kwenye bei, kwa sehemu kubwa, ni gharama ya kungoja.

Ndiyo maana pia duka dogo halihitaji kupoteza wateja wote ili life. Likipoteza mmoja kati ya watano, pango la chumba halipungui kwa moja ya tano, wala bili ya umeme. Na wanaoondoka huondoka na manunuzi makubwa ya mwezi. Wanaobaki huja jioni kutafuta kitu kimoja walichosahau.

Kuna hoja nyingine inayosikika sana: kwamba msambazaji anayebanwa na supamaketi hufidia kwa kuwapandishia bei maduka madogo. Inaingia akilini, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Tume ya Ushindani ya Uingereza iliipima katika uchunguzi wake wa soko la vyakula uliomalizika 2008, na haikuridhika nayo. Msambazaji ambaye angeweza kupandisha bei bila kupoteza wateja, wakosoaji wanauliza, alikuwa anasubiri nini muda wote huo? Uchunguzi huohuo, hata hivyo, ulitambua kwamba wasambazaji wanabanwa kweli, na matokeo yake ni kanuni za kuwalinda pamoja na msimamizi maalumu aliyeanza kazi mwaka 2013.

Umoja wa Ulaya umejaribu kuushika muda wenyewe. Agizo lake la mwaka 2019 linamtaka mnunuzi mkubwa amlipe msambazaji mdogo wa vyakula ndani ya siku 30 kwa bidhaa zinazoharibika upesi, na siku 60 kwa nyingine. Kwa msambazaji ni nafuu ya kweli. Ila bidhaa zinazoharibika upesi ndizo pia zinazouzwa upesi: iliyonunuliwa na mteja siku ya 3 na kulipiwa msambazaji siku ya 30 bado inaliachia tangi siku 27.