Kumaliza kesi mapema: yanayosemwa Nairobi na sheria inavyosema

"Kiri tu, ulipe faini, urudi nyumbani." Ukiwa umekamatwa, ushauri huu utakufikia kabla hujafika kortini Makadara au Kibera, na umewaponza vijana wengi. Anayekiri anatiwa hatiani, na rekodi hiyo inaweza kujitokeza siku anapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi.

Njia halali ipo tangu 2008: makubaliano ya kukiri kosa. Upande wa mashtaka unaweza kupunguza shtaka au kuondoa mengine, mapatano yanaandikwa na kutiwa sahihi, na hakimu anahakikisha kwamba mshtakiwa anaelewa haki anazoacha na kwamba hakushurutishwa. Hakimu akiyakataa mapatano hayo, hayawezi kutumiwa dhidi ya mshtakiwa baadaye. Pesa zinazopenyezwa kituoni usiku ni hongo, hata zikiitwa "kuongea vizuri".

Wapo wanaoamini kwamba mlalamishi akisamehe, faili imefungwa. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na kuiondoa kunahitaji idhini ya korti. Kwa shambulio dogo, sheria yenyewe inahimiza upatanisho. Lakini makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hayaingii hata katika makubaliano ya kukiri. Familia zinazokaa sebuleni na kupatana bei juu ya mtoto aliyenajisiwa zinamdhulumu mtoto huyo mara ya pili, na nasema hivyo bila kuwaonea haya wazee wanaosimamia vikao hivyo.

Kuhusu dhamana ya pesa taslimu: hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alifika kortini kila alipotakiwa. Dai risiti. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika kortini, hailipiwi hata shilingi.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba mdaiwa sugu dawa yake ni seli. Mtu anakopesha, halipwi, anaandikisha ripoti ya wizi katika OB (kitabu cha matukio cha polisi), na mdaiwa anakamatwa Ijumaa jioni. Kwa nini Ijumaa? Katiba, Kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha siku ambayo korti haiketi, inangojewa siku inayofuata ya kazi. Kwa hiyo wikendi nzima ndugu wanachangishana, na Jumatatu mashtaka hayapo tena. Huko ni kugeuza polisi kuwa wakusanya madeni. Kushindwa kulipa si wizi, isipokuwa kulikuwa na ulaghai tangu mwanzo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yana Korti ya Madai Madogo pale Milimani, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Anayewapa polisi habari anazojua ni za uongo anaweza kufungwa hadi miaka 3.

Aliyeshtakiwa kwa hila si lazima angoje kesi isikizwe yote. Anaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Kifungu cha 157 kinamtaka azuie matumizi mabaya ya sheria, au aende Mahakama Kuu kuomba mashtaka yasimamishwe.