Mashua za Mgomba za Odisha

Alfajiri ya mwezi mpevu wa Kartika, kati ya Oktoba na Novemba, watu wa Odisha, mashariki mwa India, hushuka mitoni, mabwawani na ufukweni wakiwa na vijimashua vya magome ya mgomba au karatasi. Ndani huweka taa, tambuu na popoo, kisha huvisukuma majini. Desturi hii huitwa Boita Bandana. Boita ni jahazi la sadhaba, wafanyabiashara wa Kalinga, jina la kale la Odisha.

Mgeni huona ibada. Sisi tunaochunguza historia ya bahari tunaona pia kalenda. Majira hayo ndipo kusi hukatika katika Ghuba ya Bengal na upepo wa kaskazini-mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, huanza kuvuma. Chombo kilichotweka tanga wakati huo kilisukumwa kusini kwa kufuata pwani hadi Sri Lanka, kisha kikavuka kwenda Sumatra, Java na Bali, visiwa vya Indonesia ya leo. Si ngano tupu: huko Sembiran, kaskazini mwa Bali, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vya India vyenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Na mjini Cuttack, gulio kubwa linaloanza siku hiyo hadi leo huitwa Bali Jatra, yaani safari ya Bali.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha aliyebaki nyumbani. Taapoi, binti wa sadhaba, alikuwa kipenzi cha kaka zake saba. Wazazi walipofariki, kaka wakasafiri baharini, wakamwacha mikononi mwa wake zao. Mawifi wakamgeuza mchunga mbuzi, wakamlisha chenga za mchele. Wifi mdogo peke yake ndiye aliyemhurumia. Taapoi akamwomba mungu wa kike Mangala, sadaka yake zikiwa chenga zilezile, hadi majahazi yaliporudi.

Mpaka sasa wasichana wasioolewa wa Odisha humwabudu Mangala kila Jumapili ya mwezi wa Bhadra, kati ya Agosti na Septemba, nao humtolea chenga. Ibada hiyo huitwa Khudurukuni. Mwezi huo kusi ingali inavuma, na kusi ndiyo iliyowarudisha sadhaba nyumbani.