"Saa ya dhahabu" haidumu saa nzima

Wapiga picha wengi wa mitindo huamini kwamba ule mwanga laini wa jioni, "saa ya dhahabu", hudumu dakika 60. Zanzibar haudumu hivyo. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 14 hadi 15 kwa saa, hivyo kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, mwanga huo unapoanza, hadi kuzama ni dakika 25 hivi. London mwezi Juni hushuka kwa mshazari na kuchukua karibu maradufu.

Kwa hiyo mwanamitindo awe ameshavaa na kupambwa saa kumi na moja na nusu. Kilemba kisianze kufungwa jua likigusa bahari! Pale Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, msimamishe mwanamitindo jua likiwa ubavuni mwake, ukuta mweupe upande wa pili urudishe mwanga usoni. Kamera nayo isiachiwe ijichagulie rangi ya mwanga (white balance). Mara nyingi huipoza dhahabu yote, na manjano ya kanga hufifia. Iweke kwenye alama ya jua.

Jua likishazama, usifunge begi. Zile dakika 20 kabla ya giza ndizo nizipendazo zaidi: vivuli vikali hakuna, na mtu hakunji macho.