Je, wajua kwa nini kampuni inaponunuliwa, mwanahisa mdogo anaweza kulazimika kuuza hata akikataa?

Chukua mtu wa Malindi aliyenunua hisa 1,000 za kampuni ya programu za kompyuta kwa shilingi 20 kila moja. Biashara ikadorora, bei ikaporomoka hadi 6. Sasa anapokea barua: yupo mnunuzi anayetoa 8. Magazeti yatasema mnunuzi ameongeza theluthi nzima juu ya bei ya soko. Mwenye hisa anahesabu hasara ya shilingi 12,000. Hesabu zote mbili ni sahihi, na ugomvi unaanzia hapo.

Mnunuzi hajali ulinunua kwa ngapi. Kipimo chake ni bei ya soko ya wiki au miezi michache iliyopita, kwa hiyo hubisha hodi kampuni ikiwa imelala chini. Tena kampuni ya programu iliyochoka mara nyingi ina vitu ambavyo bei ya hisa haivionyeshi vizuri: fedha benki, hataza (haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi), na wateja wanaolipia leseni mwaka baada ya mwaka kwa sababu kuhamia mfumo mwingine ni ghali kuliko kubaki.

Novell ya Marekani ilikuwa hivyo. Machi 2010 mfuko wa uwekezaji wa Elliott ulitoa ofa ya dola 5.75 kwa hisa, jumla kama dola bilioni 2. Lakini kampuni ilikuwa na takriban bilioni 1 taslimu, kwa hiyo biashara yenyewe ilikadiriwa bilioni 1 tu. Bodi ikasema hiyo ni bei ndogo. Novemba ikakubali 6.10 za kampuni ya Attachmate, huku baadhi ya hataza zikiuzwa kando kwa dola milioni 450 kwa kundi lililoongozwa na Microsoft. Miezi minane ya kungoja, nyongeza ya senti 35. Aliyekuwa amenunua zamani kwa bei ya juu alikuwa na haki ya kununa.

Kununa hakuzuii kitu, maana kura huhesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Huko Delaware, ambako kampuni nyingi kubwa za Marekani zimesajiliwa, kampuni ikiunganishwa na ya mnunuzi kwa idhini ya zaidi ya nusu ya hisa zote, hisa za kila mtu hugeuka fedha, pamoja na za aliyepinga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliyekataa anaweza kuiomba mahakama ikadirie thamani ya haki. Masharti yake ni makali. Lazima utoe dai kwa maandishi kabla ya kura, usipige kura ya ndiyo, na uendelee kushikilia hisa. Dell iliponunuliwa mwaka 2013, kampuni ya uwekezaji ya T. Rowe Price, iliyokuwa na hisa zake, ilipinga hadharani, lakini kura zake zikaingizwa kimakosa kama za ndiyo. Ikapoteza haki hiyo.

Kenya mtindo wa kawaida ni ofa. Anayetaka kushika asilimia 25 au zaidi ya kampuni iliyo sokoni hupaswa kuwatolea wanahisa wote ofa ya kununua hisa zao, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imsamehe. Hapa ukinyamaza, hujauza. Ila mnunuzi akikubaliwa na wenye asilimia 90 ya hisa alizoziombea ofa, sheria inamruhusu kuzichukua zilizobaki. Asipofika huko, kampuni inaweza kuondolewa sokoni ukabaki na hisa zisizo na mahali pa kuuzwa.

Kinachopandisha bei kweli ni mnunuzi wa pili. Ofa ya Rea Vipingo, kampuni ya mashamba ya mkonge hapa hapa Kilifi, ilianza kwa shilingi 40 kwa hisa mwaka 2013. Washindani walipoingia, ikafika 85. Waliokimbilia kusaini mapema hawakuwa na sababu ya haraka. Kwa kawaida ni salama zaidi kungoja waraka wa bodi wenye maoni ya mshauri huru, usome anakadiria hisa kati ya shilingi ngapi na ngapi, ndipo upeleke fomu kwa dalali siku chache kabla ya kufungwa. Si siku ya mwisho: jina lisilolingana na la akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako) hurudisha fomu.

Balaa kubwa Pwani ni hisa za marehemu. Warithi hawawezi kusaini kabla ya kupata hati ya mirathi ya mahakama, na ofa haiwangoji.