Je, wajua kwa nini nyimbo zenye kilele sawa bado zinapishana sauti?

Ukijaza nyimbo zako kwenye flashi moja utakutana na hii tu: dansi la miaka ya 70 linaimba taratibu, umeongeza sauti ili gitaa la solo lisikike, mara inaingia bongo fleva ya juzi na sabufa inatikisa kabati, mtoto kaamka.

Kwa miaka mingi niliamini dawa ni ile Normalize ya kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta. Nyimbo 40 na ushee za harusi ya dada yangu nilizipitisha humo zote, na bado usiku mzima ilibidi mtu akae kwenye mikisa anapandisha anashusha.

Kumbe ile inapima kilele peke yake, yaani pale wimbo ulipopanda kuliko kwingine kote, hata kama ni pigo moja la ngoma lisilomaliza sekunde, inaunyanyua wimbo mzima mpaka kilele hicho kiguse dari na kazi imeisha. Chukua viwanja viwili. Kimoja kina mnazi mmoja mrefu na nyasi, kingine kina minazi imebanana, yote mirefu kama ule mmoja. Ukipima mti mrefu kuliko yote, viwanja viko sawa, lakini nenda saa saba mchana ukatafute kivuli. Sasa sikio linasikia kivuli, yaani wingi wa sauti ya wimbo mzima, sio kilele kimoja. Dansi la zamani mara nyingi ni kiwanja cha kwanza, tarumbeta inaruka juu halafu mwimbaji na magitaa wako chini huko, wakati nyimbo nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 zimebanwa kwa kompresa na limita, vifaa vya studio vinavyoshusha vilele ili sehemu za chini zipandishwe, mpaka hakuna pa kupitisha jua.

Kipimo cha kivuli kipo. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walikitoa 2006, kinaitwa BS.1770, kizio chake ni LUFS (namba ikikaribia 0 wimbo una sauti zaidi), na 2010 watangazaji wa Ulaya kupitia umoja wao, EBU, wakakubaliana kulenga -23. Nilipopima flashi yangu, dansi moja lilisoma -17 na bongo fleva moja -8, na vilele vyote viko 0! Hiyo ni tofauti ya desibeli 9, na kwa watu wengi desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa mara mbili.

Usilipandishe dansi, maana kwenye dijitali juu ya 0 hakuna nafasi, kilele kinakatwa kichwa na ndo yale makwaruzo. Shusha zile zinazopiga kelele, kisha ongeza kwenye amplifaya. Programu ya MP3Gain inafanya hivyo kwa hatua za desibeli 1.5, inapima kwa njia yake lakini wazo ni lilelile la kivuli, na inagusa namba za sauti ndani ya faili bila kuugeuza wimbo kuwa MP3 upya, kwa hiyo hata redio ya gari itafuata. ReplayGain ya 2001, njia nyingine ya kusawazisha sauti za nyimbo, kwa kawaida inaandika maelezo tu ndani ya faili, redio isiyoyasoma itapiga vilevile.

Ila besi ina mambo yake. BS.1770 inazipunguzia uzito sauti za chini kabisa, kwa hiyo nyimbo mbili zenye namba moja zinaweza bado kupishana kwenye sabufa kubwa. Zenye besi nzito mimi nazishusha hatua moja zaidi, halafu nazisikiliza kwenye sabufa yenyewe, sio kwenye simu.