Uzamivu wa bayolojia ya miundo: swali kwanza, ufadhili baadaye

"Mwalimu, ufadhili wa uzamivu unapatikana wapi?" Wahitimu wa bayokemia na bayolojia ya molekuli huniuliza hivyo kila muhula. Nami huwarudishia swali: unataka kujua nini? Wengi hunyamaza, na hapo ndipo maombi mengi yanapokwama. Katika bayolojia ya miundo, yaani uchunguzi wa maumbo ya protini na molekuli nyingine za uhai, maabara ndiyo yenye nafasi, nayo humtafuta mtu mwenye tatizo analotaka kulichimba.

Chukua selimundu. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Chanzo chake ni badiliko la asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, valini imekaa mahali pa glutamati. Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, valini hujipachika kwenye kijishimo cha molekuli jirani, na molekuli hushikana hadi kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu. Kujua umbo la kijishimo kile ni kazi ya bayolojia ya miundo. Kujua nyuzi zinavyoiharibu chembe, hata ikaziba mishipa midogo, ni kazi ya bayolojia ya seli. Anayetafuta dawa anazihitaji zote mbili.

Kuanza hakuhitaji viza. Benki ya Data ya Protini, iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na miundo 7, sasa ina zaidi ya 200,000, na yote ni bure. Andika 2HBS kwenye sehemu ya kutafutia, utaiona hemoglobini ya selimundu. Programu ya ChimeraX, ambayo mwanafunzi haitolei hata senti, itakuwezesha kuizungusha na kupima umbali kati ya atomu. Mwombaji aliyewahi kufanya hivyo hujulikana mara moja katika usaili.

Wapo wanaodhani AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia maumbo ya protini, imeshamaliza kazi. Ni kweli kwamba hifadhidata yake ina makisio ya miundo zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi hiyo. Lakini makisio hayakuonyeshi protini ikihangaika ndani ya seli iliyosongamana, wala hayatoshi kuthibitisha kwamba dawa yako imekaa pale ulipotaka. Kwa maoni yangu, nafasi nzuri zaidi za sasa ziko hapo, kwenye hadubini ya elektroni inayopiga picha seli zilizogandishwa.

Mbinu ya kugandisha maji haraka kiasi cha kutofanya fuwele ilibuniwa na Jacques Dubochet na wenzake miaka ya mwanzo ya 1980, katika Maabara ya Ulaya ya Bayolojia ya Molekuli, EMBL, mjini Heidelberg, Ujerumani. Dubochet alishiriki Nobeli ya Kemia ya 2017. EMBL ina vituo sita, na programu yake ya uzamivu hupokea waombaji wa uraia wowote. Mwanafunzi hulipwa fedha za kujikimu, na shahada hutolewa kwa ushirikiano na vyuo vikuu. Hapa barani, Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini chenye jina la Aaron Klug, aliyesoma uzamili chuoni hapo na kupata Nobeli mwaka 1982.

Taratibu hutofautiana. Ujerumani kwa kawaida hudai shahada ya uzamili. Vyuo vingi vya Marekani huchukua hata mwenye shahada ya kwanza. Huko, mwaka wa kwanza mwanafunzi huzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Ada ya maombi ikikushinda, andika kuomba usamehewe. Vyuo vingi vina utaratibu huo. Wakala anayekuuzia nafasi ya uzamivu mkimbie. Wahitimu wa fizikia, hisabati na kompyuta nao waombe, kwani uchakataji wa picha hizi ni hesabu tupu.

Barua za mapendekezo ziombwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya dirisha kufungwa. Mpe mwalimu wako maelezo ya utafiti ulioufanya, pamoja na majaribio yaliyogoma na ulivyoyarekebisha. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mchapakazi na una nidhamu haimwambii msomaji wa Heidelberg chochote.