Je, wajua kwa nini injini kubwa za moshi za reli yetu ya Afrika Mashariki ziliitwa Mountain?

Jibu la haraka utakalolisikia ni kwamba zilikuwa zinapanda milima. Na kweli zilipanda, kutoka baharini Mombasa hadi Nairobi ni kama mita 1,700 kwenda juu na injini moja ilikuwa inavuta tani 1,200. Ila jina halikutoka huko. Afu kuna jibu la wajuaji, hilo ndo sugu zaidi, kwa sababu linakaribia sana kuwa kweli.

Wajuaji wanahesabu magurudumu. Injini ya mvuke inatajwa kwa madogo ya mbele, makubwa yanayosukumwa na mvuke, alafu madogo ya nyuma, kwa hiyo 4-8-2 ni manne, manane, mawili, na Marekani hiyo 4-8-2 iliitwa Mountain tangu 1911. Sasa kundi letu la 59, zile injini 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, ni 4-8-2+2-8-4, yaani Mountain mbili zimepeana migongo. Mtu akiona hivyo anasema kesi imeisha.

Haijaisha. Kundi la 60 lilikuwa na magurudumu yaleyale, 4-8-2+2-8-4, hakuna tofauti, na lenyewe likaitwa Governor. Nenda makumbusho ya reli Nairobi uiangalie 6006, jina lake ni Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Kilichoamua ni kibao cha ubavuni, basi. Za 59 zilipigwa vibao vya milima, za 60 vya magavana. Baada ya uhuru magavana waling'olewa, milima ikaachwa, maana mlima haujawahi kumtoza mtu kodi ya kichwa.

Lakini kwa nini injini moja iwe na seti mbili za magurudumu? Huu ndo utamu wenyewe wa hizi Garratt, ndo aina ya injini zilizoundwa hivyo. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, haikai juu ya magurudumu makubwa, imelazwa kwenye fremu yake ambayo ncha moja inashikwa na seti ya mbele na nyingine na seti ya nyuma, na kila seti inageuka peke yake. Chukua watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanaposhusha mgonjwa mlimani kwa engozi, machela yao ya kubeba mabegani: wa mbele wanakata kona, wa nyuma bado wamenyooka, na mgonjwa katikati hajipindi hata kidogo, engozi inafuata tu mabega. Ndo maana dude la mita 32 na tani 252 lilipita kwenye kona za reli yenye upana wa mita moja. Na kwa kuwa chini ya boila pako wazi, boila inaachwa inenepe, moto mwingi, mvuke mwingi. Moto wenyewe ulikuwa wa mafuta mazito, kwa hiyo ukiziita treni za makaa umekosea tena.

Usichanganye pia jina la kundi na jina la injini. Mountain ni zote 34, Mount Elgon ni moja tu, 5904. Tarakimu mbili za kwanza ni kundi, mbili za mwisho ni injini ya ngapi, basi 3123 ni ya 23 katika kundi la 31, inaitwa Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma huku kwetu, nayo imehifadhiwa Nairobi. Ukisema "Tribal" hujasema kitu, maana makundi ya 29, 30 na 31 yote yalipewa majina ya makabila. Na ile Lunatic Express ya watalii haikuwa injini yoyote, ni jina la utani la reli yenyewe.

Kinachochekesha ni kwamba Uganda ilitoa milima kibao, Elgon, Ruwenzori, Muhavura, Mgahinga, mpaka Debasien ambayo leo ni Kadam kule Karamoja, ila za 59 zilibeba tani 21 kwa kila ekseli, nzito mno kwa reli nyepesi, kazi yao ikawa Mombasa na Nairobi. Huku kwetu tukaletewa magavana.

Afu angalia namba. 5901 ni Mount Kenya, 5902 Ruwenzori Mountains, 5903 Mount Meru, 5904 Mount Elgon, 5905 Mount Muhavura, wanashuka vizuri kwa urefu kama wamepanga foleni. Kilimanjaro, mrefu kuliko wote, yuko 5928.